Mbuzi Uliyemwahidi Mungu

Mpendwa mke wangu, Mama Festo,

Jua limeanza kuegemea upande wa Kamanga, na mbuzi wako amefungwa pale pale nyuma ya jiko, kwenye lile jiwe ulilokuwa ukianikia dagaa. Anatafuna maganda ya ndizi polepole, maana meno yake yamechoka. Kila nikiinua kichwa kutoka kwenye karatasi hii, nakuta ananitazama. Ulikuwa ukisema ana macho ya mtu anayesubiri kujibiwa. Wakati ule nilicheka.

Kesho ni sikukuu ya mavuno, na kesho hiyo hiyo nimetakiwa kusimama mbele ya watoto wa kipaimara niwaeleze maana ya kukua kiroho. Aliyeniomba ni mchungaji wetu mpya, kijana aliyehamishiwa hapa Butimba baada ya wewe kuondoka. Alikuja juzi, akaketi kwenye kiti chako bila kujua kwamba ni chako, akapokea chai isiyo na sukari bila kukunja uso.

"Mwalimu," akasema, "wazee wote wameniambia hakuna anayeeleza jambo hili kama wewe."

"Nitafikiri, Mchungaji."

Akacheka. Alidhani ni unyenyekevu. Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Kukwambia wewe naweza: sina cha kuwaeleza watoto wale. Nimefundisha maisha yangu yote, darasani na kanisani, na sasa nimetafuta ndani yangu kama mtu anayekung'uta gunia kuukuu, hakikuanguka kitu. Ndiyo sababu nakuandikia. Barua hii naiacha wazi, haina bahasha, kwa sababu huko uliko hakuna sanduku la posta, na kwa sababu nadhani wapo wengine hapa Mwanza wenye mbuzi waliofungwa nyuma ya nyumba. Wao nao waisome.

Unaikumbuka ngazi yangu? Kila mwaka niliichora ubaoni kwa chaki, hatua moja moja kutoka chini kwenda juu. Kwanza mtu husikia neno, kisha huamini, kisha hujifunza kuomba, kisha hutumika, na kule juu kabisa huzaa matunda. Niliwaambia watoto kwamba Mkristo anayekua huonekana anapanda, kama vile mwanafunzi anavyotoka darasa moja kwenda jingine. Siku moja ulikuja kunipa ufunguo wa nyumba, ukasimama mlangoni ukiwa na kikapu kichwani, ukaitazama ngazi ile mpaka mwisho. Watoto walipotoka ukaniuliza:

"Na wewe uko wapi hapo, Mwalimu?"

"Hilo Mungu ndiye anayelijua."

"Basi mbona ngazi umeichora wewe?"

Ukaondoka unacheka, na kikapu hakikutikisika. Mimi nikaifuta ngazi nikiwa nacheka pia. Tulikuwa na mambo ya kuchekea. Ulikuwa umepanda migomba ya kwetu katikati ya haya mawe ya Mwanza, ukiisifu kila asubuhi ili isione haya mbele ya ile ya Bukoba, nayo ikakupa vikungu vyembamba ambavyo Festo aliviita vidole vya wagonjwa. Alikuwa mtoto wa kusema ovyo, mwanao yule. Alipomaliza ualimu wakampeleka kufundisha katika kijiji cha ujamaa upande wa Magu, na kila akija likizo alitueleza jinsi wazee wa kule walivyomhamisha kutoka nyumba moja hadi nyingine kwa sababu kila mmoja alitaka mwalimu alale karibu na binti zake. Ulimpiga kwa mwiko. Alikuwa mrefu kuliko mlango.

Halafu vita vikaja Kagera. Adui alivuka mpaka akaingia nchi yetu wenyewe, nchi ya mama zetu, na mgambo wa vijijini wakaitwa. Ile asubuhi tulipokwenda mjini kumuaga, malori yalikuwa yamepangwa uwanjani na vijana wanaimba. Festo alikuwa amevaa viatu vilivyompwaya.

"Hivi viatu vya nani?" ukamuuliza.

"Vya serikali, mama. Serikali ina miguu mikubwa."

"Kitabu cha nyimbo umechukua?"

"Nimechukua."

"Na sweta?"

"Mama, kule ni kwetu! Nakwenda kulinda migomba ya bibi, siendi Ulaya."

Ukacheka, ukamfunga kifungo cha shingoni kama alipokuwa mdogo, na lori likaondoka. Hukulia. Tulirudi kwa miguu njia yote, na ulipofika nyumbani ulichukua jembe ukaenda kupalilia migomba.

Siku chache baadaye ulisafiri kwenda Magu kuchukua vitu vyake katika nyumba ya walimu. Ukarudi juu ya lori la pamba, nyuzi nyeupe zimekuganda kwenye kilemba, na mkononi kamba, na kwenye kamba mbuzi dume mweupe, mdogo, anayelia kama mtoto. Ulimnunua kwa mzazi wa mmoja wa wanafunzi wake. Hata hujanisalimia ukasema:

"Nimemwambia Mungu. Siku Festo anapoingia kwa mlango ule, huyu anakwenda kanisani."

Mimi, kama kawaida yangu, nikaanza kueleza. Nikakueleza nadhiri ni nini, inatofautianaje na ombi la kawaida, na habari za yule mama wa kwenye Maandiko aliyeomba mtoto hekaluni akaahidi kumrudisha kwa Bwana. Ulinisikiliza huku ukimfunga mbuzi.

"Yule alipata," ukasema. "Kunywa chai yako, itapoa."

Alhamisi iliyofuata ulilisema jambo lile mbele ya wenzako wa kikundi cha uamsho. Kwa msomaji asiyewajua, niseme kwamba hawa ni ndugu walioshika desturi waliyoileta wahubiri wa zamani kutoka kwetu ng'ambo ya ziwa. Hukutana mchana mmoja katika wiki, kila mmoja husimama kwa zamu na kushuhudia Bwana amemtendea nini tangu walipoachana. Mwenye ushuhuda huonekana yu hai. Anayenyamaza mara nyingi, wenzake huanza kusema kwamba amepoa. Hawasemi kwa ubaya, wanaogopa moto usizimike. Basi ulisimama ukawaambia habari za mbuzi, wote wakaitikia, na toka siku ile mbuzi akawa wa watu wote. Watu walipopita njiani walimsalimia. "Mbuzi wa Festo, hujambo?" Mzee Masalu, mzee wa kanisa mwenye sauti kama tarumbeta, alikuwa akisimama barabarani na kumpigia saluti.

Vita vikaisha. Vijana wakarudi. Unaikumbuka miezi ile, Mama Festo? Ngoma zilikuwa zinalia kila mtaa, na wewe kila ukisikia lori linapanda mlima ulikuwa unatoka nje na unga mikononi. Yustini alirudi, mwana wa Mama Yustini kiongozi wa kikundi chenu, aliyeondoka katika lori moja na Festo. Tukamfuata. Alituambia walitenganishwa mtoni, kikosi chake na kile cha Festo, na baada ya hapo hakumwona tena. Alisema akitazama mikono yake. Tukaenda ofisini, na kijana mwenye sare akatueleza kwa upole kwamba Festo hajulikani alipo. Si kwamba amekufa, hajulikani alipo. Maneno hayo niliyachambua njia nzima ya kurudi nyumbani kama mtu anayechambua mchele, natafuta punje. Matanga hatukukaa, maana utamkaliaje matanga mtu ambaye hakuna aliyesema amekufa?

Alhamisi ile Mama Yustini alishuhudia. Alisimama, machozi yanamtiririka kwa furaha, akasema aliomba usiku na mchana na Bwana akamfunika mwanawe kwa mbawa zake. Wenzake wakaimba. Ulinisimulia mwenyewe tukiwa tunakula, kisha ukasema:

"Yeye aliomba kwa machozi. Na mimi niliomba kwa nini, kwa mate?"

Nilitafuta maelezo. Niliyajua mengi. Nilikutazama usoni nikayaacha.

Zamu yako ilipofika, walinieleza wengine, ulisimama kama wote. Ukasema: "Sina ushuhuda leo, lakini nimekuja." Ukakaa. Alhamisi iliyofuata ukasema vilevile. Na ya baada yake. Mvua zikaja zikaenda, pamba ikavunwa, sukari ikaadimika na sabuni ikafuata, na wewe kila Alhamisi ulivaa gauni lako la bluu, ukafunga kilemba, ukaenda kusema maneno yale yale mbele ya watu wenye mengi ya kusimulia.

Mama Yustini alikuja hapa na kipimo cha sukari alichokipata kwa shida, ili tu asije mikono mitupu. Alikupenda yule mama, sitaki watu wamfikirie vibaya. Alikushika mkono, akasema, "Dada, jitafute moyoni. Labda kuna kitu hujakiungama, ndicho kinachozuia."

"Nimejitafuta," ukamwambia. "Nimemkuta Festo tu."

Alipoondoka nilikuuliza, kwa nini bado unakwenda? Ukanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini unapumua.

"Niende wapi, Baba Festo? Mjini?"

Sasa nifike pale ambapo sijawahi kupaandika. Ilikuwa sikukuu ya mavuno. Unajua jinsi inavyokuwa: watu huleta walichonacho, mihogo, kuku, mkungu, bakuli la mayai, na baada ya ibada vyote hutolewa nje kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa vikapigwa mnada. Asiye na pesa hutoa mali, mwenye pesa huinunua, na sadaka ikaingia. Mzee Masalu ndiye aliyekuwa mpiga mnada, na kabla ya kila kitu ilikuwa desturi yake kutangaza shukrani ya mwenye nacho, mama fulani anashukuru kwa kujifungua salama, baba fulani kwa mwanawe kufaulu. Asubuhi ile ulinitangulia. Nilidhani umewahi kufagia kanisa. Nilikuwa tayari nimekaa mbele na wazee wenzangu niliposikia kelele nje, zikaingia mpaka ndani.

Nikatoka. Ulikuwa unakuja njiani na mbuzi.

Ulikuwa umemwogesha. Aling'aa. Na watu walipokuona unamvuta kuelekea kanisani, wakafanya kosa ambalo ni watu wa kanisa letu tu wangeweza kulifanya, kwa sababu ni sisi tu tuliojua mbuzi yule alikuwa wa nini. Mama Yustini ndiye aliyeanza. Alipiga kigelegele kirefu, akatupa khanga yake chini njiani ili upite juu yake, na wenzake wakatupa zao. Kwaya ikatoka nje ikaanza kuimba bila mwalimu wao. Wanaume wakanikumbatia. "Amerudi! Baba Festo, umetuficha!" Watoto walikuwa wameshashuka mbio kuelekea nyumbani kwetu ili wawe wa kwanza kumwona. Na mimi, nisikufiche, mke wangu, mimi niliyetoka nyumbani asubuhi ile ile nikiwa nimeacha chumba chake kitupu, kwa muda mfupi niliamini. Nilisimama nikashika ukuta. Nilifikiri labda ameingia kwa mlango wa nyuma.

Wewe ulisimama. Hukukanyaga khanga hata moja. Ulingoja mpaka vigelegele vikajiishia vyenyewe, kimoja kimoja, kisha ukasema kwa sauti ile ile ya Alhamisi:

"Hajarudi."

Mama Yustini akainama akaanza kuokota khanga yake, ikamponyoka, akaiokota tena.

"Sasa mbuzi wa nini, mama?" Mzee Masalu akauliza. Alikuwa ameshusha sauti, na kwake hilo lilikuwa jambo geni.

"Ni wa Mungu. Nilimwahidi."

"Si ulimwahidi Festo akirudi?"

"Ndiyo."

"Sasa nitangaze shukrani ya nini?"

"Usitangaze kitu, Mzee. Piga mnada tu."

Ibada ilivyopita sikumbuki. Nakumbuka mnada. Mzee Masalu alikuwa amechangamka kwa kuku na mihogo, akiwatania watu kama kawaida. "Jogoo huyu amesoma huyu, anajua saa! Bibi, ukimnunua utupe redio yako!" Alipofika kwa mbuzi utani ukamkauka. Akasema tu, "Mbuzi." Hakuna aliyetaja bei. Wengine walitazama chini, wengine ziwani. Nani angemchukua mbuzi yule akamle? Nani angepika mchuzi wa mtoto wa watu ambaye hajulikani alipo? Akasema tena, "Mbuzi, ndugu zangu." Ulikuwa umesimama peke yako karibu na ukuta, mikono umeifunga mbele, unatazama mbele kama mtu aliyeko kwenye foleni. Sikuweza kukuona ukisimama hivyo. Nikanyoosha mkono. Nikamnunua mbuzi wa mke wangu.

Tukarudi nyumbani watatu, wewe, mimi na mbuzi, kwa njia ile ile aliyojia. Yeye ndiye aliyetangulia, anaijua njia, anajua kuna maganda. Tulipofika kwenye kona ya mawe ulianza kucheka. Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu kabla ya vita. Ulicheka mpaka ukakaa juu ya jiwe ukajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Tumerudishiwa," ukasema. "Baba Festo, hata Mungu ametuachia mbuzi wetu."

Sikujua kama nicheke nawe. Mpaka leo sijui ulichekea nini.

Masika yaliyofuata ulianza kuugua, na hukuugua sana, kana kwamba hukutaka kusumbua. Siku za mwisho uliniambia maneno machache ya nyumbani, chumvi iko wapi, mgomba upi ukatwe. Kisha mchana mmoja ukafungua macho ukasema:

"Yule mbuzi si wetu."

"Ni wa nani sasa? Wewe ulimtoa, mimi nikamnunua."

"Wewe ndiye mwalimu," ukasema. Ulitabasamu kidogo. Ni hilo tabasamu linalonitesa zaidi, kwa sababu uliondoka nalo.

Ulitaka kulala kwetu, chini ya migomba ya mama yako, katika udongo usio na mawe. Meli ya Bukoba haikuwa na mafuta. Tulingoja, tukaambiwa labda wiki ijayo, na mwili hauna wiki ijayo. Tukakuzika hapa hapa Mwanza, na vijana walivunja mpini wa sururu wakichimba. Nilisimama pale nikisikia chuma kinavyogonga mwamba, na kila kipigo kiliniondolea neno moja katika yale niliyokuwa nimewafundisha watu kuhusu Mungu.

Huku ndiko niliko. Naomba, Mama Festo, sijaacha kuomba, lakini naomba kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Unazikumbuka zile nyumba tulizoziona njiani kwenda Magu, baada ya watu kuhamishiwa vijijini? Mlango upo, jiwe la kusagia lipo, jivu lipo mekoni. Ungepiga hodi pale mchana kutwa na usingekuwa umekosea nyumba. Wenyewe tu ndio hawapo. Sikukuu ya mavuno ya mwaka jana sikwenda. Nilisema nina homa. Sikuwa na homa.

Na sasa wanataka niwaeleze watoto maana ya kukua. Kama kukua ni kupanda ngazi, mimi nimeshuka nimefika chini, na chini sikukuta sakafu. Kama kukua ni kuwa na amani, sina. Nilidhani uzee ungenikuta nina imani nyingi zaidi ya ile niliyoanza nayo nikiwa kijana wa shule ya misheni, niliyeimba mpaka mishipa ya shingo inasimama. Nina kidogo kuliko ile. Nina pungufu hata ya watoto nitakaowafundisha.

Nivumilie nieleze jambo moja, halafu nitaacha, maana ndivyo nilivyoumbwa. Jana nilikuwa kwenye foleni ya duka la ushirika. Ilitangazwa kuna sukari, tukasimama toka alfajiri. Mwenye duka akatoka akasema imekwisha, akafunga. Watu wakalalamika, wakatawanyika, na ndivyo ilivyo haki, maana tulisimama kwa ajili ya sukari. Nikiwa naondoka na kikapu changu nikakuona, namaanisha nilikukumbuka, ukutani pale na mikono umeifunga mbele. Nikafahamu kwamba sisi wote tulimwendea Mungu kwa sababu ilitangazwa kuna kitu, na mimi ndiye niliyekuwa natangaza. Wewe uliambiwa kimekwisha, duka likafungwa, ukabaki umesimama. Kisha ukatoa hata kile ulichokuwa umekuja nacho.

Kwa dakika chache pale barabarani nilifurahi. Nilisema, hii ndiyo maana ya kukua kiroho, nimeipata, kesho kutwa nitaichora ubaoni. Lakini kabla sijafika nyumbani nikaona kwamba sijui. Mtu anayebaki kwenye duka lililofungwa anaweza kuwa anampenda mwenye duka, au anaweza kuwa hana pa kwenda. Ulisema mwenyewe: niende wapi? Nimegeuza maneno hayo huku na huku na siwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili ulilokuwa unasema. Labda kwako yalikuwa jambo moja. Labda huko ndiko kukua kwenyewe, mtu kufika mahali ambapo hayo mawili hayatenganishiki, na kwa nje hakuna anayeona ila mama mmoja mwenye gauni la bluu ambaye watu wanasema amepoa. Naandika "labda" mara mbili kwa sababu sitaki kukudanganya. Ningetoa yote niliyosoma ili uniambie ulichekea nini kwenye kona ile.

Na lipo jambo la mbuzi. Watu wanadhani namfuga kwa sababu yako. Namfuga kwa sababu ya Festo. Ahadi ilikuwa kwamba siku atakapoingia, mbuzi atatoka, na mimi katika akili yangu ya kizee nimeigeuza: maadamu mbuzi hajatoka, Festo anaweza kuingia. Nimemlisha kwa hilo. Kila asubuhi nikimkuta yu hai nasema, basi, bado. Nadhani wewe uliliona hilo machoni pangu siku nilipomnunua, ndiyo maana ulisema si wetu. Wewe ulikuwa umeshamtoa. Aliyekuwa bado anafanya biashara na Mungu ni mimi.

Nimetoka nje kidogo, nimekaa naye. Amenusa mfuko wangu, amekosa, amerudi kwenye maganda yake.

Watoto nitawaambia maneno yako ya Alhamisi, basi, nisiongeze kitu. Unajua itakavyonigharimu kutoongeza kitu. Wakiona mzee mzima amesimama akasema vile akakaa, watacheka, na mchungaji atadhani nimeanza kusahau. Na asubuhi kabla ya hapo nitamwogesha mbuzi, nitafungua kamba, nitamvuta kwa njia ile. Hakuna atakayepiga kigelegele safari hii, wote wanajua. Mzee Masalu atauliza shukrani ya nini nami nitamwambia asitangaze kitu. Nitafanya hivyo si kwa sababu nimekua. Moyoni hakuna chochote kinachonisukuma, wala faraja, wala sauti. Nitafanya kwa sababu si wetu, na kwa sababu nimekwisha kuangalia pande zote na sina pa kwenda.

Wakikaa kimya tena mnadani, sitanyoosha mkono. Nitaingiza mikono mifukoni niishike humo humo mpaka mtu amchukue. Kisha nitarudi peke yangu, nitapita ile kona ya mawe, nitafika nyuma ya jiko nilikute jiwe na maganda yake.

Lala, mama wa mwanangu. Udongo ni mgumu, lakini lala. Kama huko uliko umemkuta, mfunge kifungo cha shingoni. Kama hujamkuta, usiniambie.

Mimi mumeo, ambaye mtaa mzima bado wanamwita

Baba Festo